Nyongo Ikirudi Tumboni, Hupimwaje?

Chatsworth, Durban, wako ndugu zetu waitwao Wazanzibari, wazao wa Wamakua waliokombolewa utumwani na kupelekwa Natal kuanzia 1873. Serikali ya ubaguzi iliwahamisha kutoka Bluff miaka ya 1960.

Mpwa wangu kaoa huko. Mkewe, tangu atolewe mfuko wa nyongo, asubuhi hutapika maji machungu ya manjano. Dawa za asidi kameza mpaka kachoka. Akashushiwa kamera kooni, ikaonekana nyongo tumboni. Basi, ndiyo? Hapana. Kule kukokomoka tu kwaweza kuivuta nyongo juu. Na kipimo cha asidi hakioneshi nyongo.

Kinachofaa zaidi ni kuifuata nyongo yenyewe. Mgonjwa akiwa hajala hudungwa mshipani dawa yenye mionzi kidogo, teknesiamu. Ini huichukua, huitoa pamoja na nyongo, na kamera ya gama huitazama inakokwenda. Ikipanda tumboni badala ya kushuka, jibu limepatikana. Mjamzito au anayenyonyesha aseme mapema.

Kipo pia Bilitec, siku hizi adimu: waya wa nuru hupitishwa puani ukakaa saa 24 ukisoma rangi ya nyongo. Rangi za vyakula huudanganya, hivyo mtu hula vyeupe tu. Chatsworth bila mchuzi wa bizari, jamani!

Mlioko Muscat, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos ina kitengo cha tiba ya nyuklia. Mwulizeni daktari wenu. Anayetapika damu asingoje kipimo, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.