Ile -ji- ya «kujiendesha»

Wenzetu wanaosoma kompyuta husema «mfumo unaojiendesha», na sisi wa isimu tunapita bila kuuliza. Mimi nimekwama kwenye hiyo -ji-. Kisarufi inatuambia kwamba mtenda na mtendwa ni mmoja. Je, ndivyo ilivyo ndani ya mashine?

Mwaka 2001 Paul Horn wa kampuni ya IBM alieleza kwamba mifumo ya kompyuta imekuwa mikubwa mno kusimamiwa na watu. Ijisimamie yenyewe, kama moyo unavyodunda bila sisi kuuamuru. Sawa. Lakini programu nyingi zikigombea kompyuta chache, nani apewe kwanza? Njia mojawapo ni soko.

Chukua Spawn, mfumo uliojengwa Xerox PARC na kuelezwa mwaka 1992. Programu zilipewa fedha za hesabu tu, na kompyuta iliyokaa bila kazi iliuza muda wake kwa mnada wa siri. Aliyetaja bei ya juu alishinda, ila alilipa bei ya wa pili. Tuseme mama watatu wanataka beseni moja la ndagala pale ziwani, kila mmoja anamnong'oneza mvuvi: faranga 30 000, 26 000, 20 000. Wa kwanza analichukua kwa 26 000. Angetaja 27 000 kwa ujanja, angelipa hizohizo 26 000. Angetaja 25 000, angelikosa. Kusema kweli kunamfaa. Wala hahitajiki mkuu wa kujua shida za kila mmoja, maana bei inazibeba. Hapo nawavulia kofia.

Lakini fedha zilitoka wapi? Mwaka 1968 Ivan Sutherland alieleza mnada wa muda wa kompyuta ya PDP-1 pale Harvard. Watumiaji walishindana kwa «yeni» za kubuni, na mwenye bei kubwa alimwondoa aliyetangulia. Bei zilijipanga, kweli. Yeni zenyewe ziligawiwa kwa kufuata umuhimu wa kila mradi, na umuhimu huo ulipimwa na watu kabla mnada haujafunguliwa.

Sasa weka mashine ya namna hiyo hapa Kalemie, igawe umeme usiotosha unaotoka Bendera. Friji ya chanjo na ukumbi wa video vinagombea saa moja ya usiku. Kwa faranga halisi, ukumbi una wateja, friji haina. Kwa fedha za kugawiwa, friji inaweza kushinda, ikiwa mgawaji aliikumbuka. Mashine ni ileile, na hesabu ni ileile.

Ndiyo maana katika tafsiri zangu naandika «mfumo unaoamulia». Kauli ya kutendea inadai yambwa, na msomaji hataweza kupita bila kuuliza: unamwamulia nani, na kwa fedha zilizogawiwa na nani?