Ukinunua Kompyuta ya Kunasia Sauti, Sikiza Kwanza

Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay ili sauti yake itiwe katika santuri. Leo mwenye sauti hana haja ya safari hiyo. Chumba kimoja, meza moja na kompyuta moja vyatosha, na kasida au tarabu ikanaswa nyumbani, iwe Mombasa, Lamu au Malindi. Lakini kompyuta ni aina nyingi, na kila muuzaji husifu chake. Nimeona niwaeleze wasomaji yale niliyoyajua baada ya hasara.

Hasara yenyewe ni hii. Shangazi yangu alikuwa amehifadhi tenzi kifuani, wala hazikuandikwa popote. Nikaenda kununua kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika. Mwenye duka akaniambia, "Mzee, hii chukua ufunge macho." Nikayafunga, na masikio nayo nikayafunga. Jioni tatu shangazi alighani mbele ya kipaza sauti, na feni ya mashine ile ikivuma. Sisi hatukuijali, kwani sikio la mwanadamu huchagua la kusikiza. Kipaza sauti hakichagui, hupokea yote. Nilipokuja kusikiza kwa makini niliona uvumi ule umezifunika herufi za pumzi, yaani f, s, th na h. Hata leo pana ubeti sijui kama alisema "fumu" au alisema "sumu", na maana zake ni mbali kama mbingu na ardhi. Tulipanga kurudia. Kabla siku haijafika, akafariki, Mola amrehemu.

Kwa hivyo sharti la kwanza la kompyuta ya kunasia sauti ni ukimya. Kasi yaja nyuma yake. Ukifika dukani, omba iwashwe na uiache ifanye kazi robo saa, kisha utie sikio. Joto la pwani hulijua, na mashine ikipata moto feni huzidi kwenda mbio. Chagua yenye sanduku pana na feni kubwa, maana feni kubwa hutoa hewa ile ile kwa kuzunguka polepole. Zile zinazowaka taa za rangi, walizotengenezewa wacheza michezo, ziache. Zina kadi kubwa ya picha ambayo huongeza joto na bei, na kazi ya sauti haiihitaji. Diski nayo iwe ya SSD, isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Nyumbani, iweke chini ya meza, mbali na kipaza sauti.

La pili ni kumbukumbu ya kufanyia kazi, yaani RAM. Kwa mtu mmoja na udi wake, gigabaiti 8 zatosha. Ukitaka kundi zima, udi, fidla, kinanda na dumbak, kila chombo na mstari wake, tafuta gigabaiti 16.

La tatu ni kisanduku cha nje cha kuingizia sauti, kinachounganishwa kwa USB. Tundu la sauti lililo katika kompyuta nyingi limekusudiwa mazungumzo. Kisanduku hiki pia humwondolea mwimbaji balaa la kuisikia sauti yake imechelewa. Kompyuta hupokea sauti kwa mafungu. Kwa kipimo cha 44,100 kwa sekunde, fungu la 128 huchelewesha kiasi cha sehemu 3 katika 1,000 za sekunde, na hilo halisikiki. Fungu la 1,024 hufikia sehemu 23, na mpiga dumbak huanza kuyumba. Vingi vya visanduku hivi humpa mwimbaji sauti yake moja kwa moja, bila kupitia kompyuta.

La nne ni nafasi. Saa moja ya sauti kwa kipimo kizuri, biti 24 na 48,000 kwa sekunde, pande mbili, huchukua kama gigabaiti 1. Diski ya gigabaiti 512 itakutosha muda mrefu, ila usiweke sauti mahali pamoja. Sote tumeziona kaseti za harusi zilivyoota kuvu makabatini. Nunua diski ya pili, uiweke nyumba nyingine. Na kwa kuwa umeme wetu hukatika bila hodi, usisahau betri ya kuishikilia mashine hadi uhifadhi kazi.

Anayenunua ya mitumba aulize mwaka. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine za kabla ya 2017 kwa jumla hazikubaliwi rasmi na Windows 11. Ikiwa ni ya kunasia tu, usiiunganishe na intaneti, nayo itakufaa. Programu ya Audacity haiuzwi, hutolewa bure.

Vijana wana tamaa ya vyombo vilivyomo ndani ya programu. Vyafaa, lakini vingi huja vimepangwa kwa sauti za piano ya Kizungu, na robo sauti za rasti na bayati hazimo. Mpiga udi akiwapo, mwite. Pesa ulizoziokoa kwa kuacha taa za rangi, zitie katika kipaza sauti kizuri.

Neno la mwisho. Kuchagua kusiwe sababu ya kungoja. Ikiwa una mzee nyumbani mwenye utenzi kifuani, azima mashine ya jirani, nase baada ya isha mtaa ukitulia, na usikize siku hiyo hiyo ili mrudie palipoharibika. Mimi nina jioni tatu za shangazi, na feni imo ndani yake. Nazihifadhi hivyo hivyo, nakala mbili.