Kosa la Daktari Hulipwa na Nani?

Fungueni madaftari. Leo twajifunza neno "fidia", na jinsi linavyogusa bei ya matibabu.

Tuanze na jambo mnalolijua. Mwenye gari achukua ndizi zenu kutoka Kinole mpaka Morogoro mjini. Tuseme yampasa alipe kila mkungu ulioharibika kwa uzembe wake. Atafanya nini? Kwanza, ataendesha kwa uangalifu. Hiyo ni faida. Pili, ataongeza nauli ili awe na akiba ya kulipa. Tatu, huenda akakataa kupanda njia ya milimani wakati wa masika. Hizo ni hasara.

Hospitali nayo ni vivyo hivyo. Mwezi wa Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walibadilishwa. Wa kichwa alipasuliwa goti, na wa goti alipasuliwa kichwa. Yule wa kichwa alifariki baadaye.

Kosa kama hilo lastahili fidia. Lakini hospitali ya serikali ikilipa, fedha yatoka katika kodi, yaani kwenu. Hospitali ya binafsi ikilipa, au ikikata bima ya kujikinga, huongeza gharama hiyo katika bei ya mgonjwa.

Huko Marekani, miaka ya 1970, bima ya madaktari ilipanda sana. Mwaka 1975 jimbo la California liliamuru fidia ya maumivu isizidi dola 250,000. Kiasi hicho kiliongezwa kuanzia 2023. Tena daktari anayeogopa kushtakiwa huagiza vipimo visivyohitajika, na mgonjwa huvilipia. Nyuzilandi ilichagua njia nyingine: tangu 1974 mfuko wa umma humlipa aliyeumizwa, bila kesi.

Je, basi watu wasidai? La. Kosa lisilodaiwa hurudiwa, na kosa lenyewe ni ghali: jeraha hutibiwa mara mbili, na shamba halilimwi. Njia rahisi kuliko zote ni kuzuia kosa. Kwa hiyo:

1. Kabla ya kupasuliwa, taja jina lako kamili na mahali panapouma.
2. Tunza cheti na stakabadhi zote.
3. Ukiona uzembe, mweleze mganga mkuu wa hospitali. Lipo pia Baraza la Madaktari Tanganyika.
4. Madai ya uzembe hufunguliwa mahakamani kabla ya miaka 3 kupita. Ukiishtaki serikali, uipe kwanza taarifa ya siku 90.

Kumbukeni, si kila mgonjwa asiyepona amefanyiwa uzembe. Uzembe ni kuacha uangalifu unaompasa daktari.

Maswali ya kujadili:
Hospitali ya serikali ikilipa fidia, fedha yatoka wapi?
Kati ya kulipa fidia na kuzuia kosa, lipi nafuu kwa mkulima? Kwa nini?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.