Usaili wa Kujiunga na Masomo ya Famasia: Namna ya Kujiandaa

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili utaweza:

(a) kueleza maana ya usaili na mambo ambayo wasaili wa famasia huyapima;
(b) kutofautisha usaili wa jopo na usaili wa vituo;
(c) kujibu maswali ya nia, ya maadili na ya hesabu za dozi;
(d) kupanga maandalizi yako ya wiki nne.

1. Utangulizi

Usaili ni mazungumzo rasmi yenye lengo la kumpima mtu anayeomba nafasi ya masomo au kazi. Usaili hutofautiana na mahojiano ya redio au gazeti. Mwandishi wa habari anakuhoji ili apate habari. Msaili anakuuliza ili akupime. Kwa hiyo kila swali la usaili lina kipimo nyuma yake.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita anayesoma PCB anaweza kuuliza: kwani famasia nayo ina usaili? Nchini Tanzania, udahili wa shahada ya famasia hutegemea zaidi ufaulu katika Fizikia, Kemia na Baiolojia. Lakini vyuo vingi vya famasia vya Uingereza, Marekani na Kanada havimpi mtu nafasi kabla ya kumsikiliza. Mwenye A tatu anaweza kurudi mikono mitupu, na mwenye alama za chini kidogo akachukuliwa. Somo hili linatumia mfano wa Uingereza. Hata hivyo, stadi zake zitakufaa hata usipovuka mpaka: utazihitaji unapoomba ufadhili wa masomo, na utazihitaji tena utakapoomba ajira.

2. Wasaili wanatafuta nini?

Waombaji wengi hukesha wakikariri majina ya dawa. Huko ni kujichosha. Majina ya dawa utafundishwa chuoni. Shahada ya famasia ya Uingereza peke yake ni miaka 4, na baada yake kuna mwaka 1 wa mafunzo kazini na mtihani wa usajili. Wasaili wanatafuta yale ambayo chuo hupata taabu kuyafundisha: ukweli, usikivu na uangalifu. Swali lililo moyoni mwao ni moja tu: je, mtu huyu tunaweza kumwachia mgonjwa?

Historia inaonyesha kwa nini swali hilo ni zito. Mwaka 1957 dawa ya thalidomaidi ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi kama dawa ya usingizi, na baadaye wajawazito wakaitumia kutuliza kichefuchefu. Mwaka 1960 kampuni moja iliomba kibali cha kuiuza Marekani. Mtaalamu wa dawa Frances Kelsey, aliyekuwa mgeni kazini katika mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, alikataa kuipitisha. Alisema ushahidi wa usalama wake hautoshi, akashikilia msimamo huo ingawa kampuni ilimsukuma. Mwishoni mwa 1961 dawa hiyo iliondolewa sokoni Ujerumani baada ya kubainika kuwa inaharibu viungo vya watoto wakiwa tumboni. Maelfu ya watoto duniani walizaliwa na ulemavu. Kelsey aliwaokoa wengi kwa sababu alithubutu kusema, "Sijaridhika bado."

Huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, NHS, ina maadili sita ambayo mwombaji anashauriwa kuyasoma: kushirikiana kwa ajili ya wagonjwa, heshima na utu, kujitoa kwa huduma bora, huruma, kuboresha maisha, na kumthamini kila mtu. Usiyataje kama kasuku. Kwa kila moja, tafuta tukio la kweli katika maisha yako.

3. Aina za usaili

*Usaili wa jopo.* Unakaa mbele ya wasaili wawili au zaidi kwa muda fulani, wakikuuliza kwa zamu. Jibu ukimtazama aliyeuliza, kisha wapitishie macho wengine.

*Usaili wa vituo.* Mfumo huu uliasisiwa katika Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa ajili ya kuchagua wanafunzi wa udaktari. Unapita katika vituo vifupi kimoja baada ya kingine, kila kimoja dakika chache. Kituo kimoja kinaweza kuwa na swali la maadili, kingine hesabu, kingine igizo dhima ambamo mtu anaigiza mgonjwa. Kila kituo kina msaili wake na alama zake. Hapa kuna faida kubwa: ukivuruga kituo cha pili, msaili wa kituo cha tatu hajui. Vuta pumzi, anza upya.

4. Maswali ya nia

Swali ambalo huwezi kulikwepa ni hili: *Kwa nini famasia, na si udaktari?*

*Jibu dhaifu:* "Tangu utotoni napenda kusaidia watu, na famasia ni fani nzuri."

Jibu hili lingeweza kutolewa na muuguzi, mwalimu au zimamoto. Halina famasia ndani yake.

*Jibu bora:* "Bibi yangu ana presha. Alikuwa akinywa vidonge siku kichwa kinapomuuma tu. Siku moja mfamasia wa hospitalini alikaa naye, akamchorea jua na mwezi kwenye pakiti, akamweleza kwamba presha hupanda hata kichwa kisipouma. Tangu siku hiyo hajaruka dozi. Dawa ilikuwa ileile na bibi alikuwa yuleyule. Kilichobadilika ni kwamba mtu alimwelewesha. Nataka kuwa mtu huyo."

Jibu la pili lina tukio, lina badiliko, na linaonyesha kwamba mwombaji anaijua kazi yenyewe. Lakini angalizo: kisa kiwe chako. Usibuni bibi, wala usidai ulifanya kazi katika duka la dawa kama ulipita tu kununua panado. Msaili atauliza swali la pili na la tatu, na uongo hauna majibu ya kutosha.

Soma pia jinsi kazi inavyobadilika kule unakoomba. Kwa mfano, tangu 31 Januari 2024, wafamasia wa maduka ya dawa nchini England wanaweza kutibu magonjwa saba ya kawaida, yakiwemo maumivu ya koo, mkanda wa jeshi na maambukizi ya njia ya mkojo kwa wanawake, bila mgonjwa kwenda kwanza kwa daktari. Anayejua hili ataeleza kwa nini mfamasia wa leo lazima ajue kumhoji mgonjwa.

5. Maswali ya maadili na igizo dhima

Usaili wenyewe utakuwa kwa Kiingereza. Hata hivyo, fanya mazoezi kwa Kiswahili kwanza ili ujue *unataka kusema nini*, kisha rudia kwa Kiingereza. Soma mfano huu. Msailiwa anaigiza mfamasia; mwigizaji ni mama aliyekuja dukani bila cheti cha daktari.

MAMA: Mwanangu ana mafua na kikohozi, leo siku ya pili. Usiku halali. Nipe amoksilini.

MSAILIWA: Pole sana mama. Karibu ukae. Mtoto ana umri gani?

MAMA: Miaka mitatu.

MSAILIWA: Ana homa? Anakunywa vizuri? Anapumua kwa shida, au kifua kinabonyea akivuta pumzi?

MAMA: Homa kidogo. Uji anakunywa. Kupumua yuko sawa. Wewe nipe tu dawa, nina haraka.

MSAILIWA: Naelewa mama, kukesha na mtoto kunachosha. Mafua na kikohozi cha namna hii mara nyingi huletwa na virusi, na amoksilini haiui virusi. Nikikupa leo utapoteza pesa, mtoto anaweza kuharisha, na siku akiihitaji kweli huenda isimsaidie. Naweza kukupa dawa ya kushusha homa kwa kipimo cha uzito wake. Mpe vinywaji mara kwa mara. Akianza kupumua haraka, akikataa kunywa, akilegea, au homa isiposhuka, mpeleke kituo cha afya hata kama ni usiku. Nikuandikie?

MAMA: Haya, niandikie.

Angalia alichokifanya msailiwa. Aliuliza kabla ya kushauri. Hakumgombeza mama. Alikataa, lakini alitoa sababu na njia nyingine. Mwisho, alitaja dalili za hatari. Mwombaji mwingine angesema, "Sheria hairuhusu, nenda hospitali." Sheria angekuwa ameitii, lakini mama angevuka barabara na kununua dawa duka la pili.

Ukiulizwa kwa nini jambo hili ni kubwa, eleza usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Alexander Fleming aligundua penisilini mwaka 1928 jijini London. Mwaka 1945, alipopokea Tuzo ya Nobel, alionya kwamba dozi pungufu huwafundisha bakteria kuizoea dawa. Onyo hilo limetimia.

6. Hesabu za dozi

Vyuo vingi hupima hesabu, mara nyingine bila kikokotoo. Hesabu ni nyepesi. Uangalifu ndio unaopimwa.

*Swali:* Mtoto mwenye kilo 12 anatakiwa kupewa miligramu 15 za parasetamoli kwa kila kilo ya uzito. Dawa ya maji ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Apewe mililita ngapi kwa mara moja?

*Njia:*
Dozi = 15 × 12 = miligramu 180
Ujazo = (180 ÷ 120) × 5 = 1.5 × 5 = mililita 7.5

*Ukaguzi:* Kijiko cha dawa ni mililita 5, kwa hiyo mililita 7.5 ni kijiko kimoja na nusu. Linaingia akilini. Kama ungepata 75, ungekuwa umeagiza vijiko 15, yaani robo tatu ya chupa ya mililita 100! Nukta imehama hatua moja tu, lakini dozi imezidi mara kumi, na parasetamoli iliyozidi huharibu ini. Katika mtihani wa shule kosa hilo lingekugharimu alama mbili. Kazini lingemgharimu mtoto.

Sema hatua zako kwa sauti, na usiache kukagua hata ukiwa na hakika. Ukigundua umekosea, sema: "Samahani, nimekosea hapa, narekebisha." Kosa lililokamatwa na mwenyewe ni ushahidi wa uangalifu.

7. Ukiulizwa usichokijua

Swali gumu linaweza kuwekwa makusudi. Chukua mfano huu: umetaja kwamba unavutiwa na tiba ya malaria, na msaili anakuuliza jinsi dawa mseto inavyoua vimelea.

*Jibu la kufaa:* "Ninachojua ni kwamba ALu ina dawa mbili: artemetha inayopunguza vimelea haraka, na lumefantrini inayobaki mwilini muda mrefu zaidi kumalizia waliosalia. Jinsi kila moja inavyofanya kazi ndani ya kimelea sijui. Ningependa kujifunza."

Jibu hili lina sehemu tatu: ninachojua, mpaka wa ninachojua, na utayari wa kujifunza. Mfamasia anayebahatisha mbele ya wasaili atabahatisha mbele ya mgonjwa.

8. Mpango wa wiki nne

*Wiki ya kwanza:* Andika matukio sita ya kweli ya maisha yako: ulipokosea, uliposaidia, ulipogombana na kupatana, ulipoongoza, uliposhindwa, ulipotunza siri. Omba ruhusa kwa mfamasia wa karibu umtazame kazini hata kwa nusu siku.

*Wiki ya pili:* Soma tovuti ya chuo unachoomba na maadili ya NHS. Fanya hesabu tano za dozi kila siku bila kikokotoo.

*Wiki ya tatu:* Fanya igizo dhima na wenzako, mkibadilishana nafasi za mgonjwa, mfamasia na msaili. Tumieni saa. Anayeigiza mgonjwa awe mkali kidogo.

*Wiki ya nne:* Fanya usaili wa majaribio kwa Kiingereza na mwalimu usiyemzoea. Kama usaili ni kwa intaneti, jaribu kamera, sauti na chaji siku moja kabla. Kumbuka tofauti ya saa kati ya Tanzania na Uingereza: saa 2 au 3, kutegemea msimu.

Muhtasari

Alama zako zimekufikisha mlangoni. Usaili unaangalia jinsi unavyomtendea mtu aliye dhaifu, jinsi unavyolikabili kosa lako, na jinsi unavyokiri usichokijua. Sikiliza kwanza, jibu kwa ukweli, kagua hesabu yako.

Maswali ya kujipima

1. Taja tofauti moja kati ya usaili na mahojiano ya gazetini.
2. Kwa nini kuvuruga kituo kimoja katika usaili wa vituo si mwisho wa safari?
3. Mtoto ana kilo 16. Kwa kipimo na dawa ileile ya sehemu ya 6, apewe mililita ngapi? (Jibu: mililita 10)
4. Rafiki yako mnayesoma naye famasia anakuomba umwandikie ripoti ya maabara kwa sababu mama yake amelazwa. Andika mazungumzo mafupi ukionyesha jinsi utakavyomjibu bila kumwacha peke yake na bila kudanganya.
5. Jibu kwa dakika mbili, ukitumia tukio moja la kweli: "Kwa nini famasia?"