Kabureta Iliyolala Msimu Mzima

Mwezi Mei ukiingia, gereji za Newala na Masasi hujaa kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Mikorosho iko karibu kutoa maua, habari za salfa zimeanza kusikika kwenye vyama vya msingi, na kila mkulima anakumbuka kwamba mashine yake ya kupulizia imekaa kwenye kona ya stoo tangu msimu uliopita. Anaitoa, anaifuta vumbi, anavuta kamba mpaka mkono unauma. Kimya. Inapopakiwa kwenye bodaboda kupelekwa kwa fundi, mwenyewe ameshaamua kuwa imekufa. Nimefungua nyingi za aina hiyo, na naweza kusema bila wasiwasi kwamba nyingi hazikuwa zimekufa. Zilikuwa zimelazwa vibaya.

Ninakusanya na kufufua injini kuukuu za mipigo miwili, yaani mashine za mgongoni za kupulizia na misumeno ya mnyororo, ile tunayoiita chensoo. Naziweka pamoja kwa sababu ndani yake ni ndugu. Anayejua kuifufua moja ameshajua sehemu kubwa ya nyingine.

Historia ya mashine za kupulizia katika uwanda wa Makonde imefungamana na korosho. Ugonjwa wa ubwiriunga wa mikorosho uliripotiwa Tanzania mwaka 1979. Mavuno, yaliyofika takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74, yaliporomoka hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Ubwiriunga haukuwa sababu pekee: watu walikuwa wamehamishiwa vijijini mbali na mashamba yao, na bei haikuwapa moyo. Lakini watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, walipothibitisha kuwa vumbi la salfa linauzuia ugonjwa, swali likawa namna ya kulifikisha vumbi hilo kwenye maua yaliyo juu kabisa ya mkorosho, alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo haujaamka. Jibu lilikuwa injini ndogo yenye feni, ikibebwa mgongoni. Ndipo majina kama Maruyama ya Japani na Solo ya Ujerumani yakawa maneno ya kawaida vijijini. Solo 423, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 72, ni mashine ambayo bado naiheshimu.

Msumeno una ukoo wake. Mjerumani Emil Lerp alijaribu msumeno wa petroli mwaka 1927 juu ya mlima Dolmar, ukiwa na uzito wa kilo 58 na ukihitaji watu wawili. Mwaka 1959 kampuni ya Stihl ilitoa Contra, kilo 12 na nguvu za farasi 6, msumeno wa mtu mmoja. Mdogo wake, Stihl 070 yenye ujazo wa sentimita za ujazo 106, wapasua mbao wa Afrika Mashariki wanaujua kwa mlio tu. Kwetu kazi yake haiishii kwenye mbao. Mkorosho uliozeeka hukatwa ukabaki kisiki, kisha machipukizi yake yakabebeshwa vikonyo vya mbegu bora, na kazi hiyo ya kukata inataka msumeno.

Sasa tuingie ndani. Injini ya mipigo miwili haina sampu ya oili kama pikipiki ya bodaboda. Pistoni ikipanda, hunyonya mchanganyiko wa hewa, petroli na oili kuingia kwenye chumba cha krenki chini yake. Ikishuka, huukandamiza mchanganyiko huo na kuusukuma upande wa juu, huku moshi wa mwako uliopita ukitokea kwenye ekzosi. Kwa hiyo chumba cha krenki ni pampu, na pampu ikivuja hewa hakuna kitakachokaa sawa. Tena petroli hiyo hiyo ndiyo inayobeba oili ya kulainisha. Mtu akiishiwa mafuta shambani na kumimina petroli tupu ya chupa iliyouzwa kwa ajili ya bodaboda, injini inaweza kunoki kabla hajamaliza mikorosho michache.

Ndiyo maana, kabla ya kugusa kabureta, mimi hufungua ekzosi. Ni skurubu chache tu, na kwenye tundu lake unaiona pistoni ubavuni. Vuta kamba polepole, isogee mbele ya jicho lako, mulika na tochi ya simu. Ubavu laini wenye rangi ya kijivu na mistari hafifu ya kiwandani ni habari njema. Michubuko mirefu ya wima upande huu wa ekzosi inakuambia injini ilichemka: ama oili haikuwepo, ama petroli ilikuwa kidogo mno kwa hewa iliyoingia. Geukia upande wa kabureta. Michubuko ikiwa huko, vumbi limepita kwenye kichujio cha hewa, na kwenye mashine za salfa hilo ni jambo la kila siku. Ukiiona hali hii mapema utajua kama unanunua mashine au unanunua chuma chakavu.

Michubuko ikiwa midogo na silinda bado ina mng'ao wake wa kromu, alumini iliyoganda ukutani hutoka kwa msasa wa maji laini na subira nyingi. Kromu ikishapasuka au kubanduka, usijidanganye. Tafuta silinda nyingine.

Kisha sili za krenki. Hizi ni pete mbili za mpira, moja kila upande wa krenki, na zikikaa miaka bila kazi hukakamaa. Hewa ya wizi hupita hapo, mchanganyiko unakuwa mkavu, na injini hukimbia yenyewe hata ukiachia mafuta. Mafundi wengi hukaza skurubu za kabureta wiki nzima wakitafuta ugonjwa ambao hauko huko. Kipimo changu hakina gharama: nakata vipande vya tyubu kuukuu, naziba mlango wa kabureta na wa ekzosi, naacha kitundu kimoja cha kuingizia hewa kwa pampu ya baiskeli, napaka povu la sabuni kwenye maungio. Pampu kidogo sana, maana ukizidisha utazing'oa sili zenyewe. Povu likichemka mahali, hapo ndipo pa kushughulikia.

Kabureta ndiyo inayoumia kwa kulala. Petroli ikiachwa humo miezi minane, sehemu nyepesi huruka, ikabaki utomvu wa kahawia unaoziba vijitundu visivyopita hata sindano. Mashine nyingi za zamani za mgongoni zina kabureta ya boya, kwa sababu daima husimama wima. Msumeno hulazwa, hugeuzwa, hata hukata ukiwa kichwa chini, kwa hiyo hutumia daiframu, kipande chembamba cha mpira kinachopampu na kupima mafuta hata injini ikilala ubavu. Itoe uikunje kwa vidole. Nzima hunyumbuka kama kitambaa. Iliyozeeka hukwaruza na kurudi taratibu, na hiyo haina tiba ila mpya. Vijitundu visafishe kwa petroli safi na hewa ya kompresa. Waya usiuguse kamwe: tundu likipanuka hata unywele, kipimo cha kiwandani kimepotea.

Kwenye mashine za zamani sana kuna platini, swichi ya cheche, chini ya flaiwili. Uwazi wake huwa karibu milimita 0.4, na mara nyingi kinachokosekana ni kusafisha ukungu kwa karatasi kavu tu. Cheche ya buluu ikiruka, endelea.

Kutuni ndiko kunakonipa raha kuliko yote. Kaza skurubu mbili za kabureta, L ya mwendo wa chini na H ya mwendo wa juu, polepole mpaka ziguse, usizibane, kisha fungua kila moja mzunguko mmoja. Washa, acha injini ipate joto. L iweke mahali ambapo ukivuta mafuta ghafla injini inaitika bila kusita, ndipo uweke sailensa, yaani mwendo wa injini ukiachia mafuta. Sasa H. Ukiibana mno, injini hupanda juu na kulia kwa sauti kali na safi kama ya nzi aliyenaswa kwenye chupa, na wengi huipenda sauti hiyo wakidhani ni nguvu. Ni sauti ya injini inayoungua. Fungua kidogo kidogo mpaka mlio ugugumie bila mzigo. Ukiuzamisha msumeno kwenye gogo kugugumia kukakatika, mlio ukawa safi, umefika.

Fanya kazi hiyo mahali mashine itakapofanyia kazi. Mji wa Newala uko zaidi ya mita 600 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mtwara mjini. Msumeno uliotuniwa pwani ukipandishwa huku utatoa moshi na kuvuta kivivu, haudhuriki sana. Hatari ni kinyume chake: uliotuniwa Newala ukateremshwa pwani utapata hewa nyingi kwa petroli ile ile, nao utachemka.

Kuhusu oili, mashine kuukuu nyingi ziliundwa kwa kipimo cha 1 kwa 25, mililita 40 kwa lita moja ya petroli. Oili nzuri za leo za mipigo miwili huruhusu 1 kwa 50 kwa mashine nyingi za sasa, lakini kwa injini kongwe mimi huongeza kidogo, moshi haunisumbui. Pima kwa sirinji ya duka la dawa, si kwa kifuniko cha chupa. Oili ya injini ya pikipiki haifai hapa.

Salfa inahitaji maneno yake. Ikikutana na unyevu, huzaa asidi taratibu na kula chuma na alumini, na vumbi lake likijaa kwenye mapezi ya silinda injini inakosa kupoa. Tena inawaka. Vumbi la salfa hewani linaweza kushika moto kwa joto la takriban nyuzi 190, na ekzosi hupita hapo kirahisi. Kale kamnyororo kembamba kanakoburuzwa ardhini kwenye mashine za kupulizia unga kanateremsha umeme unaozaliwa na vumbi linaposugua bomba. Nimeona kakikatwa kwa sababu kananasa kwenye nyasi. Karudishwe. Msimu ukiisha osha mashine yote, kausha, mwaga mafuta, washa mpaka izime yenyewe, toa plagi, weka kijiko cha oili kwenye silinda na vuta kamba mara mbili tatu. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mashine ya mwaka huu na mashine ya miaka thelathini.

Misumeno ya zamani nayo isichukuliwe kimzaha. Breki ya mnyororo ilianza kuenea mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa hiyo mingi mikongwe haina, na ncha ya ubao wa mnyororo ikigusa tawi msumeno unaruka kuelekea usoni. Mtikisiko wake hufanya vidole vife ganzi. Mimi huiwasha, huisikiliza, hukata kipande kimoja cha gogo kavu, kisha huizima. Kazi ya kutwa nzima waachie vijana wake. Na mti wa msituni haukatwi bila kibali, uwe na msumeno wa mwaka gani.

Anayetaka kuanza kukusanya asitafute Mei, bei ziko juu na mafundi hawana muda. Januari na Februari, korosho zikiwa zimeshauzwa, watu husafisha stoo zao na wanunuzi wa chuma chakavu hupita wakinunua kwa kilo. Watangulie. Chukua hata iliyonoki, hata isiyo na kabureta, kwa sababu spea za moja ndizo uhai wa nyingine. Ninayoikataa daima ni ile yenye ufa kwenye nyumba ya krenki. Gonga kwa kishikio cha bisibisi na usikilize: nzima hulia, yenye ufa hutoa mlio mfu.