Kuandaa Bodi ya Majaribio ya Mikrokontrola na Kutafuta Makosa Yake: Maelezo na Hoja kwa Kiswahili

IKISIRI

Makala haya yanaeleza hatua za kuandaa bodi ya majaribio ya mikrokontrola na namna ya kutafuta chanzo cha hitilafu pale bodi inapokataa kufanya kazi. Mfano unaotumika ni bodi ya STM32F4 Discovery, iliyotolewa mwaka 2011. Sambamba na maelezo hayo, makala yanadai kwamba ugumu wa kufundisha somo hili kwa Kiswahili hausababishwi na upungufu wa istilahi peke yake. Unasababishwa pia na kutozitumia ipasavyo nyenzo za kujengea hoja ambazo sarufi ya Kiswahili tayari inazo.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu Kiswahili na taaluma za sayansi umeegemea sana upande wa istilahi. Tumebishana iwapo tuseme kompyuta au tarakilishi, na mabishano hayo yana faida yake. Hata hivyo, mwanafunzi aliye mbele ya kifaa kilichogoma hahitaji jina la kifaa tu. Anahitaji kufikiri: kutoka dalili hadi chanzo, bila kuruka hatua. Swali linaloongoza makala haya, basi, ni hili: je, fikra hiyo inaweza kuendeshwa kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho? Njia ya haki ya kulijibu ni kuifanya kazi yenyewe, kisha kuitazama lugha iliyotumika.

2.0 Bodi na Sehemu Zake

Mikrokontrola ni chipu moja iliyobeba kichakataji, kumbukumbu na milango ya kuwasiliana na vitu vya nje. Bodi ya majaribio ni bamba la saketi linaloibeba chipu hiyo pamoja na vifaa vya kumwezesha mhandisi kuijaribu kabla hajatengeneza saketi yake mwenyewe.

Bodi tunayoizungumzia ina mikrokontrola ya STM32F407VG, yenye kumbukumbu ya kudumu ya megabaiti 1 na kumbukumbu ya muda ya kilobaiti 192. Mapigo yake ya saa yanaweza kufikia MHz 168. Kuna taa nne za mtumiaji, zilizounganishwa na pini za 12 hadi 15 za bandari D. Ile ya kijani iko pini ya 12. Juu ya bodi hiyohiyo kuna saketi ya pili, iitwayo ST-LINK, ambayo ni daraja kati ya kompyuta na mikrokontrola. Daraja hilo hutumia nyaya mbili za ishara, moja ya data na moja ya mapigo ya saa. Kwa njia hiyo programu inayoitwa kitatuzi inaweza kuisimamisha mikrokontrola, kusoma kumbukumbu yake, na kuiendesha amri moja baada ya nyingine.

3.0 Kuiandaa Bodi

Hatua ya kwanza ni kukagua jampa. Jampa mbili za CN3 zinapaswa kuwa mahali pake. Zikiondolewa, ST-LINK huelekezwa kwenye bodi ya nje na mikrokontrola iliyopo haitaonekana. Jampa ya JP1 nayo isiondolewe, kwa kuwa umeme wa mikrokontrola hupitia hapo.

Hatua ya pili ni kuunganisha kebo ya USB kwenye kompyuta. Taa ya umeme itawaka. Hatua ya tatu ni kukiagiza kitatuzi kiitafute mikrokontrola. Kikiipata, tusome maneno mawili ya mwanzo ya kumbukumbu ya kudumu, kuanzia anwani 0x08000000. Neno la kwanza ni kilele cha rafu, nalo linapaswa kuelekeza kwenye kumbukumbu ya muda. Neno la pili ni anwani ya amri ambayo mikrokontrola huanza nayo kila inapowashwa. Maneno yote mawili yakisomeka 0xFFFFFFFF, kumbukumbu hiyo ni tupu na hakuna programu iliyopakiwa.

4.0 Hitilafu Mbili

4.1 Taa Isiyowaka

Tuchukue programu fupi inayokusudiwa kuwasha taa ya kijani. Kompaila haikulalamika, programu imepakiwa, lakini taa haiwaki. Hapa ndipo bodi nyingi nzima huhukumiwa kuwa zimeungua.

Tusihukumu, tuisimamishe programu kwa kitatuzi. Tukiikuta imenaswa katika sehemu ya kushughulikia makosa mazito, tatizo ni la programu kugusa mahali isiporuhusiwa, au jambo la namna hiyo. Tukiikuta imo katika mzunguko wake wa kawaida, tusome rejista ya hali ya bandari D, iliyoko anwani 0x40020C00. Kwa kuwa pini ya 12 inatakiwa kuwa pini ya kutoa, rejista hiyo inapaswa kusomeka 0x01000000. Ikisomeka sifuri ingawa programu imekwisha kuiandika, maandishi hayakushika.

Sababu ya kawaida ni saa. Ili kuokoa umeme, mikrokontrola hii huwaka huku mapigo ya saa ya bandari zake nyingi yakiwa yamezimwa. Bandari D hufunguliwa kwa kuweka 1 katika biti ya 3 ya rejista iliyoko anwani 0x40023830. Aliyesahau hatua hiyo huandika kwenye mlango uliofungwa, na mlango haumwambii kwamba umefungwa. Tukiiweka biti hiyo kwa kitatuzi, kisha tukaandika upya hali ya pini na thamani yake, taa ikawaka, tumethibitisha mambo mawili kwa pamoja: taa na saketi yake ni nzima, na kosa limo katika programu.

4.2 Herufi Zisizosomeka

Mfano wa pili ni mgumu zaidi, kwa sababu kila kitu huonekana kinafanya kazi. Programu inatuma ujumbe kwa kasi ya biti 115200 kwa sekunde, lakini kwenye kioo cha kompyuta zinatokea herufi za ovyo. Taa iliyopangiwa kubadilika kila sekunde 1 inabadilika kila baada ya sekunde 3 na kidogo.

Taa hiyo ndiyo shahidi. Fuwele ya bodi hii hutoa mapigo ya MHz 8. Kuna maktaba za programu ambazo, zisiporekebishwa, huchukulia kuwa fuwele ni ya MHz 25. Programu kama hiyo hugawa mapigo kwa 25 ikitarajia kupata MHz 1, huzidisha kwa 336 na kugawa kwa 2 ili kupata MHz 168. Kwa fuwele ya MHz 8, hesabu hiyohiyo huleta MHz 53.76. Saketi ya kuzidishia sasa hupokea MHz 0.32, chini ya kiwango cha MHz 1 hadi 2 ilichotengenezewa. Hata ikikubali kufanya kazi, kila muda utarefuka mara 3.125. Sekunde 1 inakuwa sekunde 3.125, na biti 115200 zinakuwa 36864. Dalili mbili zilizoonekana hazihusiani zimepata chanzo kimoja. Dawa yake ni kusahihisha thamani ya fuwele na kigawanyo chake, viwe 8 vyote viwili.

5.0 Lugha ya Kutafuta Makosa

Msomaji ameona kwamba istilahi ngeni zilizohitajika ni chache, na nyingi zimetoholewa bila taabu. Kilichobeba maelezo ni sarufi. Tutazame mambo mawili.

Kwanza ni msamiati wa upungufu. Katika makala haya hitilafu ni kile kinachoonekana kwa nje, kosa ni kile alichokifanya mwandishi wa programu, na kasoro ni upungufu wa kifaa chenyewe. Katika mazungumzo ya kila siku maneno haya hubadilishana nafasi. Mwalimu wa somo hili hana budi kuyatenganisha, kwani mwanafunzi anayesema tu kwamba bodi ni mbovu ameyachanganya yote matatu na kujifungia njia ya kuendelea.

Pili ni sentensi za masharti. Tuchunguze hoja hii: "Kama jampa za CN3 zingekuwa zimeondolewa, kitatuzi kisingeipata mikrokontrola. Kitatuzi kimeipata. Basi jampa zipo." Kiambishi -nge- kinamruhusu msemaji kudhania jambo, kulifuata hadi matokeo yake, kisha kulikataa kwa ushahidi. Hiyo ni hoja halali. Tuilinganishe na hii: "Taa ikiungua, haiwaki. Taa haiwaki. Basi taa imeungua." Hapa -ki- imetaja sharti moja, nayo hoja imelifanya kuwa sharti pekee. Katika 4.1 tumeona sababu nyingine ya taa kutowaka, nayo haihusiani na kuungua. Kosa la mwanafunzi wa namna hii ni la mantiki, na linaweza kusahihishwa katika lugha anayoifikiria.

6.0 Hitimisho

Makala haya hayadai kwamba kazi ya istilahi imekwisha. Rejista na kompaila bado ni maneno ya kukopa, na kitatuzi huenda kikapata jina bora zaidi. Tunachosisitiza ni kwamba istilahi pasipo hoja ni orodha tu. Mwanafunzi anayeweza kusema kwa ufasaha, "ingekuwa hivi, tungeona vile, hatukuona vile, basi si hivi," ameshika kiini cha ufundi huu. Anayekariri hatua za kitabu cha lugha ya kigeni bila kuweza kusema hivyo ataitupa bodi nzima kwa sababu ya biti moja. Walimu wa lugha na walimu wa ufundi wanapaswa kukutana hapo: kwenye sentensi ya masharti, mbele ya taa isiyowaka.