Jina Moja, Nyumba Nyingi: Usimamizi wa Akaunti katika Mitandao ya Kijamii Isiyo na Kitovu

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa mshika mbili moja humponyoka. Katika mitandao ya kijamii ya siku hizi, hata hivyo, kushika mbili kumekuwa jambo la kawaida. Baada ya Elon Musk kuinunua kampuni ya Twitter kwa dola bilioni 44 mwezi wa Oktoba 2022, wanataaluma wengi walijifungulia akaunti katika mtandao wa Mastodon. Wengine waliingia Bluesky, ambao ulifunguliwa kwa umma mwezi wa Februari 2024. Aghalabu akaunti za zamani hazikufungwa. Hivyo mtu mmoja akajikuta ana majina matatu au manne, na maandishi yake yametawanyika.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kusimamia akaunti hizo si suala la kukumbuka nywila tu. La msingi ni kupambanua kilicho mali ya mwandishi na kilicho mikononi mwa mwenye seva.

Ugatuzi au Shirikisho?

Mitandao ya aina hii huweza kuitwa mitandao iliyogatuliwa. Nchini Kenya neno ugatuzi lina maana mahususi tangu Katiba ya 2010 ilipounda serikali 47 za kaunti: kuna kitovu, na kitovu hicho kimeyakabidhi baadhi ya madaraka yake. Mastodon, mtandao ulioanzishwa na Eugen Rochko nchini Ujerumani mwaka wa 2016, haukuwahi kuwa na kitovu cha kukabidhi chochote. Ni seva nyingi, kila moja ikiwa na mwenyewe na masharti yake, zinazowasiliana kwa kanuni moja iitwayo ActivityPub. Kanuni hiyo ilipata idhini rasmi ya shirika la W3C mwezi wa Januari 2018. Kwa hiyo istilahi shirikisho inafaa zaidi.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Anayeufikiria mtandao huo kama uliogatuliwa atatarajia kuwako ofisi kuu ya kukatia rufani pindi akaunti yake inapopotea. Ofisi hiyo haipo.

Anwani na Mwenye Jina

Anwani ya Mastodon, kama ile ya barua pepe, ina sehemu mbili: jina la mtu na jina la seva. Juma wa Lamu si Juma wa Mombasa; vivyo hivyo, jina lililosajiliwa katika seva moja laweza kusajiliwa na mtu mwingine kabisa katika seva ya pili. Mwenye akaunti kadhaa hana budi basi kuwathibitishia wasomaji kwamba zote ni zake. Njia iliyopo ni ya viungo vya pande mbili: wasifu wa akaunti unaelekeza kwenye tovuti ya mwenyewe, mathalani ukurasa wake katika idara ya chuo, na ukurasa huo nao unaelekeza kwenye akaunti kwa kiungo chenye alama maalumu. Seva ikishaviona vyote viwili, huonyesha kuwa kiungo kimethibitishwa.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba ujumbe wa faragha katika Mastodon haufichwi kwa msimbo kati ya mwandikaji na mwandikiwa. Mwenye seva akitaka aweza kuusoma. Kila akaunti mpya, kwa hiyo, ni mtu mmoja zaidi wa kuaminiwa.

Suala la Lugha

Baadhi ya watu hufungua akaunti ya pili ili kutenga kazi na mambo ya nyumbani, na sababu hiyo haihitaji maelezo marefu. Linalowahusu zaidi wanaisimu ni desturi ya kutenga akaunti kwa lugha: moja ya Kiswahili, nyingine ya Kiingereza.

Katika Mastodon, mara nyingi utengano huo si wa lazima. Mwandishi huweza kuutia kila ujumbe alama ya lugha, na msomaji huweza kuchagua ni lugha zipi azipokee kutoka kwa kila mtu anayemfuata. Akaunti moja yaweza kubeba lugha mbili bila kumchosha msomaji wa lugha moja.

Lakini alama hizo zina mipaka. Orodha ya lugha katika Mastodon imejengwa hasa juu ya alama za kimataifa za herufi mbili, kisha zikaongezwa lugha chache za herufi tatu. Kiswahili kina alama sw na Kikuyu kina ki. Dholuo haina alama ya herufi mbili. Yake ni luo. Mwandishi asiyeiona lugha yake katika orodha hana lebo ya kuutia ujumbe wake. Kwake yeye akaunti ya pili si anasa, kwa kuwa inafanya kazi ambayo lebo ingeifanya.

Kuhama na Kinachobaki Nyuma

Hapa ndipo hatari ilipo. Anayehama kutoka seva moja ya Mastodon kwenda nyingine huitaja kwanza akaunti ya zamani ndani ya ile mpya, kisha huiagiza ile ya zamani ihamie kwenye mpya. Wafuasi huhamishwa. Orodha za anaowafuata na aliowazuia huchukuliwa kama faili na kupakiwa upya. Maandishi yenyewe hayahami. Mwandishi aweza kuomba nakala ya kumbukumbu zake, lakini nakala hiyo huwa ya kuhifadhiwa tu. Haipandikizwi katika seva mpya.

Zaidi ya hayo, uhamisho wahitaji seva ya zamani iwe bado hai. Mwezi wa Februari 2023 mwenye seva ya mastodon.lol alitangaza kuwa angeifunga, na wakazi wake wakapata muda wa kuondoka. Mwaka mmoja baadaye, Februari 2024, jina la kikoa la queer.af lilisimamishwa na mamlaka ya Afghanistan, nchi yenye majina yaishiayo na .af. Anwani zote za seva hiyo zikakatika kwa pamoja, na aliyekuwa hajahama hakuwa tena na mlango wa kutokea.

Bluesky umeundwa kwa namna nyingine. Kila akaunti ina kitambulisho cha kudumu kisichotegemea jina linaloonekana, na jina hilo laweza kuwa kikoa cha mwandishi mwenyewe. Maandishi nayo huwekwa katika hazina iwezayo kuhamishiwa seva nyingine. Hata hivyo sehemu kubwa ya watumiaji wangali katika seva za kampuni yenyewe. Uhuru wa kuhama upo, ila wachache ndio walioutumia.

Hitimisho

Kutokana na haya, yapo mambo manne ya kuzingatiwa. Akaunti moja iwe ndiyo kuu, na nyingine zote zielekeze kwake. Kila akaunti iwe na nywila yake. Nakala ya maandishi na ya orodha za wafuatwa ichukuliwe mara kwa mara, seva ingali salama. Na kabla ya kutuma ujumbe, mwandishi ahakikishe anatumia akaunti ipi, kwa maana programu zinazobeba akaunti nyingi kwa pamoja hurahisisha kosa la kusema la sebuleni barazani.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mifano ya matumizi, mijadala ya istilahi na tungo fupi ambazo wanaisimu huziandika katika mitandao hii ni sehemu ya kumbukumbu za lugha. Mpangaji aweza kubadili nyumba mara nyingi apendavyo. Asichoweza ni kurudi kuchukua alichokiacha katika nyumba iliyokwisha kubomolewa.